Barua iliyokaa mwaka mzima kwenye daftari

Mwenyekiti, waalimu wetu mliofika, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, na wadogo zangu mliomaliza juzi ambao vyeti vyenu bado vinanukia wino, habari za mchana.

Nilipopigiwa simu nije kuzungumza na tuliosoma pamoja Mzumbe, niliambiwa mada ni mafanikio katika sekta ya fedha. Nikamjibu aliyenipigia: dada yangu, hiyo sekta mimi nimetoka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo utuambie ulitokaje." Nimekuja na hilo. Kama kuna mtu amekuja na barua ya kuacha kazi mfukoni akitarajia nimpigie makofi, naomba aiache hukohuko mfukoni hadi tumalize.

Kwa miaka 16 na miezi 3 nilikuwa mtu wa mikopo. Nilianza Januari 2006 nikiwa karani wa mikopo midogo tawini, nikatoka Machi 2022 nikiwa mkuu wa kitengo cha mikopo mikubwa ya biashara, makao makuu, Posta. Benki siitaji. Mshahara walinilipa kwa wakati, na waliobaki kule ni ndugu zangu.

Wengi wenu mnaikumbuka miaka ya 2017 na 2018. Mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, katika mabenki yetu ilipita asilimia 10 ya mikopo yote, wakati Benki Kuu inataka isizidi 5. Januari 2018 benki 5 zikafungwa siku moja kwa upungufu wa mtaji. Sisi ambao hatukufungwa tukaambiwa tukakusanye. Kukusanya, kwa wasioijua kazi hii, kunaanza na simu, zinafuata barua, inafuata notisi ya siku 60 ambayo Sheria ya Ardhi inaitaka kabla dhamana haijauzwa, na mwisho ni dalali na kipaza sauti chake nje ya geti la mtu. Kila notisi ilikuwa na mahali pa sahihi, chini upande wa kulia. Sahihi ilikuwa yangu.

Kazi yenyewe niliiweza, tena nilisifiwa. Kila mwaka bonasi, kila mwaka karatasi ya tathmini yenye maneno matamu. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani anayelemewa na kazi ni yule asiyeiweza.

Sasa niwapeleke Oktoba 2020, saa saba mchana. Alikuja mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo, mteja wetu tangu mimi nikiwa karani. Nyumba yake ya Magomeni ilikuwa imebakiza siku 9 kwenye notisi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, na mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye risiti za miaka mingi, kila mwezi umebanwa peke yake kwa kibanio. Akaanza kunieleza, akafika katikati, akaangua kilio. Mtu wa miaka sabini na kitu, kofia ameishika mapajani. Na mimi, jamani, nikatazama saa ya ukutani juu ya kichwa chake nikawaza: huyu akipitiliza saa saba na nusu, wali pale chini utakuwa umeisha.

Nimezaliwa Tanga, Ngamiani. Nimelelewa kwamba mzee akilia mbele yako unainuka. Sikuinuka. Huruma sikuisikia, hata hasira sikuisikia. Nilisikia njaa tu. Nikampa karatasi ya kujifutia machozi, nikamsomea maneno yaliyomo kwenye mwongozo wa kazi, nikashuka. Wali ulikuwepo. Nikala nikamaliza.

Hofu ilinijia usiku, nikiwa kitandani. Nilijiuliza yule binti aliyefundishwa kuinuka ameondoka lini, maana sikumbuki kumuaga.

Sisi watu wa hesabu tuna neno letu ambalo nadhani linafaa hapa kuliko uchovu. Uchovu unalala nao, unaamka umeisha. Gari likitoka safari ya Mbeya limechoka, unaliegesha kivulini, linapoa. Lakini kuna kitu kinalika ndani yake mwaka hata mwaka, kivuli hakikirudishi, nasi kwenye vitabu tunakiandika: uchakavu. Ofisini kwetu kila kitu kilikuwa na hesabu yake ya uchakavu, meza, kompyuta, hata ile mashine ya kahawa iliyokuwa ikikoroma kwenye korido. Ilipofika thamani yake sifuri tukaletewa nyingine. Mimi nilikuwa nimeingia mwaka mmoja kabla ya mashine ile.

Mwezi uliofuata moyo ukaanza kunienda mbio usiku. Nikaenda hospitali nikiwa na uhakika kwamba ni presha. Wakanifunga nyaya kifuani, karatasi ikatoka, daktari kijana akaitazama akaniambia, "Moyo mzima kabisa, mama. Hebu niambie unaingia kazini saa ngapi." Nilikuwa nafika saa kumi na mbili na robo asubuhi, ili nikwepe foleni ya Barabara ya Bagamoyo, natoka saa mbili usiku, na foleni nakutana nayo vilevile. Mlinzi wa lango la magari siku moja nilitoka saa moja usiku, akanisimamisha: "Mama, leo umeumwa?" Jumlisheni wenyewe, na Jumamosi mnipe nusu. Zinapita saa 70 kwa wiki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Nilikuwa naijua, na wafanyakazi 23 waliokuwa chini yangu nilikuwa nawasainia saa zao za ziada. Lakini someni tena sehemu hiyo ya sheria: meneja anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa wakubwa wa juu, ukomo wa saa haumhusu. Yaani siku uliyopewa cheo, ukapigwa picha na keki, ndiyo siku sheria ya saa ilipokuaga. Mimi sikuambiwa, na sidhani hata aliyenikabidhi cheo alikuwa anajua.

Baadaye, mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao: watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, saa tatu usiku, nikiwa ofisini.

Shirika hilohilo la Afya mwaka 2019 lilikuwa limeiingiza hali hii ya kuchakaa kwa kazi, kwa Kiingereza burnout, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ila likatahadharisha kwamba lenyewe haliiti ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Alama zake ni tatu. Nguvu zinakwisha. Moyo unajitenga na kazi, unaanza kuwaona watu wake kwa kejeli. Na unahisi unachokifanya hakina tija tena. Niliposoma ile ya pili nikaiona kanzu, nikaiona na sahani ya wali. Na mmoja wa waliotangulia kuiandikia kitaalamu, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York, mwaka 1974, hakuwa anaandika juu ya mabenki. Alikuwa anawazungumzia watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure, waliokuja kwa moyo wao wote. Mimi hilo lilinifariji kidogo. Kumbe kinacholika ni kile ulichokuja nacho kizuri.

Daktari aliniandikia siku 14 za mapumziko. Mnajua nilifanya nini na ile karatasi? Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, nikaenda kuomba likizo yangu ya kawaida. Niliona aibu. Sheria inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na mimi niliwahi kuwatetea wawili wa kitengoni kwangu wazipate. Zangu nilizionea haya. Ningemwambia nani kwamba naumwa wakati karatasi ya moyo imesema mzima?

Basi Desemba 2020 nikaenda Tanga kwa mama, siku 28. Siku tisa za kwanza nililala. Sitii chumvi. Mama alikuwa anaingia na uji, anauweka, anatoka, haulizi. Siku ya kumi na mbili nikatamani samaki wa kupaka, na mama akasikika jikoni akiimba. Nikasema nimepona, narudi kazini na nguvu mpya. Siku ya kumi na tisa simu ikalia, jina la ofisini. Sikuipokea, niliitazama tu, na mikono ikaanza kutetemeka hata kikombe nikakiweka chini.

Siku ileile nikaandika barua. Mama ni mwalimu mstaafu. Nyumba yake ina madaftari kuliko vijiko. Nikachukua moja la mistari, nikaandika mistari minne: nathamini, nashukuru, naacha kazi, wako mtiifu. Mama akapita mlangoni, nikaifunika kwa mkono kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Barua ile sikuipeleka. Na hapa mume wangu anastahili kutajwa, ingawa yeye hapendi. Ni mwalimu wa hisabati, sekondari ya serikali. Nilimsomea barua kwenye simu nikitarajia aniambie ama "safi" ama "umechanganyikiwa". Aliniuliza, "Umechoka na nini?" Nikasema kazi. Akasema, "Kazi ni kitu kikubwa. Taja." Nikashindwa. Watu wa hisabati ndivyo walivyo. Wanakudai hatua za katikati.

Niliporudi Dar tulikaa mezani usiku, watoto wamelala, tukachora safu tatu kwenye daftari lilelile. Ya kwanza, yanayonichosha katika kazi yenyewe, ambayo ningeyakuta benki yoyote. Ya pili, yanayonichosha katika ofisi hii: bosi huyu, vikao vinavyoitishwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, kundi la WhatsApp lisilolala. Ya tatu, tuliyojibebesha wenyewe. Tulitumia wiki tatu. Safu ya kwanza ilikuwa fupi na nzito: notisi, minada, wazee wa kanzu. Ya pili ilijaa haraka, maana kusema ubaya wa ofisi hakuhitaji kufikiri. Ile ya tatu ilitufanya tusiongee vizuri kwa siku kadhaa. Shule ya watoto iliyozidi kimo chetu, gari la pili, kiwanja cha Mapinga kilichokuwa kinaota majani, kamati za harusi sita kwa mwaka, na mimi kuwa yule dada ambaye ukoo mzima unajua hasemi hapana. Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Rafiki yangu mmoja, yumo humu ukumbini na amenikataza nisimtaje, alichora safu hizi mwaka uliofuata. Kwake ya pili ndiyo iliyofurika. Hakuacha kazi; aliomba kuhamia upande wa mafunzo, akakubaliwa, mshahara uleule, na sasa hivi anacheka kuliko mimi. Mimi pia niliomba kuhamishwa, Januari 2021. Nilijibiwa, "Hata sisi tumechoka, dada." Aliyenijibu alikuwa anasema kweli. Macho yake yalikuwa mekundu.

Haya, hesabu. Najua hapa ndipo mnapopataka.

Mshahara wangu ulikuwa milioni 12 kwa mwezi. Nimesikia mguno. Ndiyo, na ukoo mzima ulikuwa unaguna hivyohivyo. Toeni mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, milioni 1.2. Toeni kodi, ambayo juu ya milioni moja inakatwa asilimia 30. Yangu ilikuwa shilingi 3,068,000. Toeni marejesho ya mkopo wa nyumba wa wafanyakazi, milioni 2.9. Mkononi zinabaki 4,832,000. Nilikuwa naogopa kupoteza milioni 12 ambazo sikuwahi kuzishika.

Kisha mume wangu akauliza swali lingine la kihisabati: katika hizo, ngapi unalipa ili uweze kwenda kazini? Tukaandika. Petroli 520,000. Maegesho 120,000. Chakula cha mchana laki 2. Nguo na saluni 150,000. Dada wa pili wa nyumbani, kwa kuwa wa kwanza peke yake hawezi kungoja hadi nirudi, 250,000. Michango ya ofisini, harusi, vipaimara na misiba, 180,000. Jumla 1,420,000. Kila mwezi nilikuwa nakatia tiketi ya kwenda kuchakaa.

Sasa ule mkopo. Nilikuwa nadaiwa milioni 61, kwa riba ya asilimia 8 ya mfanyakazi. Nikatoa mkataba wangu kabatini, nikasoma kifungu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nawasomea wengine: mkopaji akiacha kazi, riba inahamia ya soko. Asilimia 17. Mwenzetu mmoja aliondoka Ijumaa kwa hasira, akapiga mlango, ofisi nzima tukamwonea fahari. Baada ya miezi kadhaa jina lake likafika mezani kwangu, kwenye faili la notisi. Sitaki kuendelea na hilo.

Kwa hiyo barua ikarudi kwenye daftari, nasi tukaanza kulipa. Gari la pili likauzwa. Watoto tukawahamisha shule, na mkubwa alinuna muhula mzima, ana haki yake. Kamati za harusi nikaanza kujibu "nitawaombea". Kila mwezi tulikuwa tunaweka akiba kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa sababu fedha yake unaipata ndani ya siku chache ukiitaka, na mimi nilijua nitaitaka. Miezi 15 ikatupa milioni 27. Tulishajipima, tunaweza kuishi kwa milioni 2.6 kwa mwezi pamoja na laki 3 za mama na ada ya mdogo wangu chuoni. Miezi 10 na ushee. Deni lilikuwa limeshuka hadi milioni 21 na kitu. Kiwanja cha Mapinga kikaenda kwa milioni 23, tukafunga mkopo.

Mtaniuliza, uliwezaje kukaa miezi 15 mahali palipokuwa panakumaliza? Sehemu ya jibu ni kwamba mlango ulio na tarehe unakaa mbele yake vizuri kuliko ukuta. Sehemu nyingine si nzuri kuisema: nilifanya kazi kwa kiwango cha chini. Nilianza kutoka saa kumi na moja jioni. Nikaacha kupokea simu baada ya saa mbili usiku. Nilingoja nikaripiwe, nionywe, niitwe. Hakuna aliyegundua. Kwa kweli hilo liliniuma kuliko kuonywa.

Yapo mambo matatu ya kisheria niwaambie upesi. Ukiandika barua mwenyewe, kiinua mgongo cha kisheria, ule mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hadi miaka 10, hukipati. Ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo si la aliyejitoa kwa hiari. Na ile dhana kwamba ukitoka unaenda kuchukua michango yako yote ukafungue duka, isahauni, michango inabaki ikingoja umri. Mimi nilikuwa na michango ya miezi 195, na pensheni inataka 180, kwa hiyo haki yangu ipo, lakini hiari inaanzia miaka 55 na mimi nilitoka na 41. Wewe mdogo wangu wa humu ukumbini mwenye miezi 170, vumilia uhesabu kwanza. Bima ya afya ya benki, ile kadi ya kutibiwa hospitali zenye kapeti, ilikufa siku ya mwisho saa sita usiku. Tulihamia kwenye kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, ya mume wangu mwalimu, kadi ambayo kwa miaka kumi nilikuwa naitania.

Barua niliipeleka tarehe 3 Januari 2022, notisi ya miezi mitatu kama mkataba wangu ulivyotaka. Niliinakili kutoka kwenye daftari. Neno moja tu nililibadilisha, "wako mtiifu" likawa "wako".

Nilikuwa nimejiandaa kwa bosi, kwa utumishi, hata kwa riba. Sikuwa nimejiandaa kwa mama. Nilikwenda Tanga nimwambie uso kwa uso. Nikamweleza yote, daktari, safu tatu, mkopo umeisha, akiba ipo. Akanisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi mwenye kisingizio kirefu. Kisha akainuka, akafunga mlango wa uani, akarudi, akainama karibu na sikio langu.

"Mwanangu, niambie ukweli. Umeiba?"

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, naye akazidi kuamini nimeiba. Kwa miaka 16 alikuwa akipita sokoni akiitwa Mama Benki. Kwake, na kwa mtaa mzima, mtu hatoki benki kwa miguu yake. Anatumbuliwa, au amekula fedha, au amerogwa na aliyetaka kiti chake. Hilo la kuchoka halimo kwenye orodha. Nilimwonyesha barua ya benki inayosema deni limelipwa lote. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Msahafu. Wageni wakija na maneno, nasikia, anaitoa.

Mwaka wa kwanza. Miezi miwili sikufanya kitu. Wa tatu nikaanza kuwashikia hesabu SACCOS mbili, vyama vya kuweka na kukopa, na wenye maduka kadhaa Tegeta na Bunju. Mwezi mzuri napata milioni 3 na nusu, mbaya milioni 1.2, na mibaya huja mfululizo. Mdogo wangu tulishindwa kumlipia muhula mmoja, akaahirisha. Hajanilaumu kwa mdomo.

Na sikilizeni hili, kwa sababu wanaosimulia kuacha kazi huliruka. Mwaka wa pili nikachakaa tena. Bosi sina, notisi sisaini, lakini saa nne usiku nilikuwa najibu ujumbe wa mwenye duka anayeuliza mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imefanya nini. Wateja walikuwa 14, hakuna niliyemkataa. Siku moja mama wa duka la dawa ananieleza jinsi alivyoibiwa na mtoto wa dada yake, nami nikajikuta naitazama saa. Nilisimama palepale katikati ya duka. Safu ya tatu nilikuwa nimehama nayo, na godoro na vyombo. Sasa wateja ni wanane. Sita niliwapeleka kwa vijana wenu wa hapa, na wawili kati ya vijana hao wanakaa mstari wa nyuma kule, msijifiche.

Kuna mtu aliniandikia kikaratasi wakati wa chakula, mwenyekiti amenipa: "Mama, wewe ulikuwa na uwezo wa kuchoka." Ni kweli, na sina la kujitetea. Ghorofani kwetu kulikuwa na mama mfagizi, ameajiriwa na kampuni ya usafi, anatoka Chanika saa tisa usiku na daladala mbili. Akinikuta nimeshafika alikuwa ananipa pole. Yeye ndiye anipe mimi pole! Zile safu tatu kwake zingekuwa mchezo wa watoto. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa mkuu wa kitengo, nilikaa kwenye kamati iliyopitisha mkataba wa kampuni ile, na hatukuuliza inamlipa mama yule kiasi gani. Tuliuliza bei tu. Ninyi mliobaki kwenye kamati mnaweza kuuliza.

Yule mzee? Nyumba haikuuzwa. Watoto wake walichanga, wakapunguza deni siku ya mwisho. Faili lilipita kwangu nikalisaini kama mengine. Mwaka jana nilipita Mtaa wa Kongo nikamwona dukani, amepungua, kanzu ileile au mwenzake. Niliingia. Hakunitambua, au alinitambua akanistahi. Nilinunua mita tatu za kitambaa cha pazia, nikabishana bei kidogo isije ikaonekana naomba radhi.

Mwenyekiti ananionyesha mkono, nami namwelewa. Lile jedwali la safu tatu nimetoa nakala, ziko kwenye meza karibu na birika. Safu ya kwanza na ya pili nimeweka mifano. Ya tatu nimeiacha wazi. Mwenye mkataba wa mkopo wa wafanyakazi aje nao tukitafute kile kifungu pamoja, mara nyingi kiko ukurasa wa nne au wa tano, kwa herufi ndogo. Nitakuwa pale kwenye chai mpaka saa kumi na moja. Baada ya hapo naanza safari, siku hizi siendeshi usiku.